Hema Limekwenda Isongole

Mama mkwe alifunga mizigo ya safari ya Ziwa Ngosi kama mtu anayehama. Masufuria, unga, maharage, mkaa, mablanketi, hata kinu cha kutwangia karanga. Vyote vilitoka jikoni Itumba vikaingia kwenye gari la kukodi. Kilichobaki ni hema. Hilo lilikuwa la shemeji wa Mbeya, na tulikubaliana amkabidhi kondakta wa basi aliteremshe Isongole, tulikute hapo kabla ya kupanda mlima.

Shemeji ni mtu makini. Alilitia kwenye kiroba, akaandika kwa kalamu nene: ISONGOLE, MZIGO WA WATU WA ITUMBA. Lakini Isongole ziko mbili. Moja iko Rungwe, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, na huko ndiko watu huanzia kupanda Ngosi. Nyingine iko Ileje, jirani na Itumba kwetu, mpakani na Malawi. Kondakta yeyote akisoma neno Itumba atalipeleka Ileje, na ndivyo ilivyokuwa. Sisi tulipita Mpemba, Vwawa na Mbeya, tukakunja Uyole kushika njia ya Tukuyu, huku hema likielekea nyumbani.

Simu iliingia tukiwa tayari Isongole ya Rungwe, jua likikaribia kuzama.

"Shemeji, mzigo umefika salama, ila watu wa hapo wanasema hawajawaona."

"Hapo wapi, shemeji?"

"Isongole. Mpakani."

Mke wangu aliketi juu ya gunia la mkaa asiseme neno. Watoto walikwisha kujikunyata, maana baridi ya Uporoto haisubiri usiku. Mama mkwe hakungoja shauri la mtu. Alimwona bibi mmoja akitoka kuchimba viazi, akamfuata.

"Shikamoo, dada. Chakula tunacho, pa kulala hatuna."

"Marahaba. Pa kulala papo. Leteni hao watoto motoni."

Tukalala jikoni kwa bibi yule, tukizunguka moto, tumeshiba viazi vyake na maharage yetu. Alituhadithia kuwa maji ya Ngosi hubadilika rangi, na kwamba wazee wanayahesabu kuwa na nguvu, mtu hayaendei kwa kelele. Watoto waliosumbua njia nzima walisikiliza wametulia kabisa.

Asubuhi mjukuu wake alitutangulia. Njia ya Ngosi ni ya utelezi, mwinuko juu ya mwinuko, kati ya mianzi na migomba mwitu, na bila kijana yule kutuonyesha mizizi ya kushika, mama mkwe asingefika. Alifika. Tulipotokea ukingoni, ziwa lilikuwa chini kabisa, ndani ya shimo la volkano lenye kuta za msitu pande zote, urefu wake takriban kilomita 2.5, bila mto wowote unaoonekana kutoka. Mama mkwe alishukuru kwa "Ndaga" moja tu, akakaa kulitazama.

Nimewaza sana juu ya safari hiyo, na jinsi tulivyowahitaji wenyeji. Hata wataalamu waliwahitaji. Mwaka 2003 watafiti walianza kusikia kwa wawindaji wa vijiji vya Mlima Rungwe habari za kima aitwaye kipunji. Wakamtafuta, wakamkuta, na 2005 wakamtangaza duniani kuwa ni aina mpya. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, kwa jina la mlima wake. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Misitu ya Ngosi na Rungwe ni hifadhi kwa sheria, lakini anayeijua usiku na mchana ni yule anayelima viazi pembeni yake.

Kwa hiyo familia za Ileje, Mbozi na Tunduma, nendeni Ngosi. Ni mwendo wa siku moja tu kutoka kwetu. Mkienda na hema, vizuri. Lakini kwanza bisheni hodi kijijini, mchukue kijana wa hapo awaongoze, mumlipe haki yake na mnunue viazi vya mama zake. Msitu unaowalisha majirani zake hupata walinzi ambao mshahara wowote usingeweza kuwaajiri.