Serikali Tunayoipindua Kabla ya Saa Tatu

Hapa Garsen hakuna serikali iliyowahi kuvuka saa tatu asubuhi. Saa moja benchi la mama chai limeshajaa. Saa mbili Rais amefutwa kazi, mawaziri wamerudishwa kwao, na gavana anatafutiwa gari la kubebea vyombo. Saa tatu mahamri yamekwisha, kila mtu anakung'uta makombo aende zake. Kesho yake tunaanza upya, maana wenzetu wa Nairobi huwa hawajapata habari kwamba tumeshawatoa.

Na kununa tuna haki nako. Mto Tana, mrefu kuliko yote Kenya, unapita hapa hapa. Huko juu umewekewa mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Umeme unazalishwa, miji ya watu inang'aa. Mvua ikizidi mabwawa yanafurika, na sisi wa mkia wa mto tunaletewa yaliyobaki, mpaka chumba cha kulala. Mwishoni mwa 2023 maji yalikuja, Aprili na Mei 2024 yakarudi kuona kama kuna godoro lililosalia. Barabara ya Lamu ikakatika upande wa Gamba, pale Lango la Simba, na magari yakasimama kutazamana na ziwa jipya. Kisha kiangazi kinaingia, na mtu yule yule aliyekuwa akihama na kuku kichwani unamkuta njiani na dumu, anauliza maji yanapatikana wapi.

Kuna na makato. Mwalimu mstaafu wa benchi letu ana mtoto aliyeajiriwa, na kila mwisho wa mwezi hutusomea hati ya mshahara ya huyo mtoto kwa sauti ya tanzia. Asilimia 1.5 nyumba za bei nafuu. Asilimia 2.75 bima ya afya. Halafu husita, huvua miwani, huuliza hizo nyumba ni za nani. Kijana wa bodaboda naye hukumbusha kwamba mwaka 2023 ushuru wa mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na hiyo ndiyo sababu ya nauli yake. Nauli yenyewe ilikuwa imepanda kabla ya hapo, lakini kwenye benchi letu ushahidi hauulizwi mara mbili.

Basi Juni 2024, vijana walipoingia Bunge tarehe 25 na kesho yake Rais akakataa kutia saini Mswada wa Fedha, hapa kwetu tuliamini benchi limeshinda. Wengine walianza kupongezana, na hakuna aliyekuwa ametoka Garsen. Makumi ya vijana walikufa kwenye maandamano hayo, na hilo halina mzaha. Mzaha ni kwamba ilipofika Desemba, baadhi ya ushuru ule ule ulirudi kwa sheria nyingine, na benchi likawa halina habari kwa sababu tulikuwa tunajadili mpira.

Siku hizi neno ni wantam. Muhula mmoja, nenda nyumbani. Watoto wanaliimba, dereva wa lori anapiga nalo honi. Sina ugomvi na neno hilo, ila nauliza, na kila nikiuliza naambiwa nakunywa chai ya serikali: tukimtoa huyo Rais, tunamkomoa kwa nani? Gavana wetu Dhadho Godhana alichaguliwa mwaka 2022 kwa tiketi ya ODM. Seneta wetu Danson Mungatana akachaguliwa mwaka huo huo kwa tiketi ya UDA. Ndugu walinuniana kwa ajili ya rangi za fulana, watu wakaacha kusalimiana misibani. Julai 2024 Rais akavunja baraza la mawaziri, akalijaza upya na watu wa ODM, Hassan Joho wa Pwani yetu akiwemo. Machi 2025 vyama hivyo viwili vikatia saini kufanya kazi pamoja. Wenyewe wameshapatana, ndugu bado wamenuniana. Upinzani pekee uliobaki Garsen ni mama chai, naye anapinga mikopo tu.

Mwalimu ndiye aliyetuletea dawa. Alikuja na Katiba, akafungua kifungu cha 104, akasoma: wapiga kura wana haki ya kumrudisha nyumbani mbunge wao kabla muda wake haujaisha. Benchi lilifurahi jinsi ambayo sijawahi kuliona likifurahi. Fundi wa pikipiki akatoa kalamu papo hapo.

"Ngoja kwanza, baba," mwalimu akamwambia. "Kuna sheria."

Sheria yenyewe ni ya uchaguzi, ya mwaka 2011, na aliyeitunga alikuwa mbunge, kwa hiyo ametunga kwa uangalifu. Huruhusiwi kuanza kabla mheshimiwa hajamaliza miaka miwili. Huruhusiwi pia ukibaki mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Ilivyotungwa, ilitaka Mahakama Kuu ithibitishe kwanza kwamba amekosa. Halafu utafute saini za asilimia 30 ya wapiga kura wote wa eneo bunge. Na zisitoke kijiji kimoja: katika zaidi ya nusu ya wadi zipatikane angalau asilimia 15.

Tukapiga hesabu. Eneo bunge la Garsen lina wadi sita: Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen ya Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini. Zaidi ya nusu ni nne. Swali likaja, nani atapeleka karatasi Ozi, huko mto unakokaribia bahari, aingie kwenye mtumbwi na viboko wakimtazama, amfikie mjomba wa mheshimiwa, amwambie shikamoo, naomba saini? Fundi akarudisha kalamu mfukoni. Mwalimu akamalizia kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu iliona sehemu za utaratibu huo zinakwenda kinyume na Katiba, ikazifuta, na kwamba tangu 2010 hakuna mbunge hata mmoja wa Kenya aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa njia hiyo. Mama chai akauliza kama bado tunataka chai au tunaendelea kukaa bure.

Makueni walijaribu njia kubwa zaidi. Gavana na wawakilishi wadi waligombana mpaka kazi ikasimama, na mwaka 2014 wananchi wakaomba serikali nzima ya kaunti ivunjwe, kwa kifungu cha 192. Tume ikaundwa, ikasikiliza watu, ikaandika ripoti. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akasema havunji kitu. Watu wa Makueni hawakuchoma tairi wala kulia. Walisubiri mpaka Agosti 2017, wakamrudisha Gavana Kibwana kazini, na wawakilishi wadi wengi wakarudishwa mashambani kwao. Mwaka huo huo, sisi nasi huku Tana River tulimpumzisha gavana wetu wa kwanza, Hussein Dado, baada ya muhula mmoja. Hatukuzunguka na karatasi yoyote. Wantam tuliifanya kabla haijawa wimbo.

Kwa hiyo kutoa mtu tunajua. Tatizo letu ni jinsi tunavyomweka. Uchaguzi ukikaribia, wazee wa kila jamii wanakaa, wanahesabu: gavana atoke huku, naibu atoke kule, seneta awe wa wale. Si vibaya sana, maana tunajua hasira ya siasa inaweza kufika wapi. Mauaji yaliyotokea Riketa Agosti 2012, na miezi iliyofuata katika delta hii, hakuna anayetaka kuyaona tena, na benchi letu lina amri moja: serikali tutaipindua, jirani hatumgusi. Lakini hesabu hiyo ya wazee ikishatoka, hakuna anayeuliza mgombea alifanya nini. Anaulizwa mama yake ni wa ukoo gani. Akishapita kwenye ukoo anapita kwenye leso, kisha kwenye noti ya mia mbili iliyokunjwa mara nne. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, lakini jaribu kumweleza hivyo shangazi aliyeshika leso mpya.

Mke wangu ndiye aliyenichosha. Siku moja nilirudi nikamsimulia jinsi tulivyoivunja Hazina ya Taifa. Alikuwa anapanga madumu. Akasema, "Baba, mmeangusha serikali tangu alfajiri, na mfereji bado hautoi maji."

Mfereji anaousema uko hatua chache kutoka kwetu. Una kibanda cha saruji, una tangi juu, una kibao cha bluu kilichoandikwa jina la mradi na gharama yake kwa tarakimu zinazokaa mistari miwili. Ulitoa maji siku ya uzinduzi, mheshimiwa mmoja akanawa mikono, tukapiga makofi. Mbuzi hupenda kulala kivulini pake adhuhuri. Ofisi iliyoujenga siitaji, kwa sababu bado nataka maji.

Ndipo nikaenda kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti. Nilikuwa sijui kwamba serikali hupangiwa tarehe zake wazi hivyo: kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, kaunti huandika mpango wa mwaka kufikia Septemba mosi, karatasi ya mkakati mwishoni mwa Februari, na makadirio yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Pesa za mfereji huingia au hutoka hapo, miezi ambayo sisi tuko benchini tunamsubiri Rais aje Pwani.

Kikao kiliitwa saa tatu. Maafisa wakafika saa tano, na kitabu kinene cha Kiingereza, nakala moja, ikakaa mezani kwao. Kwetu zilifika karatasi mbili za kuandika majina. Ya kwanza ya mahudhurio, ikapita polepole, wengine wakiitazama kwa mashaka. Ya pili ya nauli, ikapita mbio, na nikaona mtu aliyekuwa amelala akiamka kwa wakati wake kabisa, akaandika nambari ya kitambulisho bila kukitoa mfukoni. Nyuma ya hema sufuria ya pilau ilikuwa imeshaanza kutoa hoja zake, na zilieleweka kuliko za afisa.

Afisa akasoma milioni za barabara, milioni za afya, milioni za maji. Mama mmoja mtu mzima, mtandio wake umefifia kwa jua, akanyanyuka.

"Mwanangu, hapo kwenye maji, ni mfereji upi?"

"Asante sana, mama. Maoni yako tumeyapokea."

"Sijatoa maoni. Nimeuliza."

"Na hilo pia tumelipokea, mama."

Alibaki amesimama. Watu wakamshika mtandio wakamwambia akae, chakula kinapoa. Hakukaa. Akasema aandikiwe kwenye karatasi ni mfereji upi, ndipo akae. Afisa akafungua kile kitabu, akatafuta ukurasa huu na ule, jasho likamtoka, na hatimaye akasema ukarabati wa mifereji umo, lakini orodha ya vijiji iko ofisini. Wanaume wa benchi letu walikuwepo, wanaojua kumfuta waziri kwa sentensi moja. Hakuna aliyefungua kinywa. Tulikuwa tunatazama upande wa sufuria.

Vijana wetu nao sijui niwaambie nini. Usajili wa wapiga kura ulianza tena Septemba 29, 2025, na ofisi ya tume ya uchaguzi ya eneo bunge inafunguliwa kila siku ya kazi. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kijana wa bodaboda, bingwa wa wantam, nilimuuliza kama ameandikishwa. Akasema foleni. Nikamwambia sijaona foleni. Akasema ndiyo maana, anaogopa akienda itaanza.

Basi nikaandika barua. Ukurasa mmoja, Kiswahili, bila matusi, jambo lililonigharimu sana. Nikataja kibanda, tangi, kibao na tarakimu zake, nikauliza kama mfereji huo umo kwenye makadirio ya mwaka huu na ni kwa shilingi ngapi. Nikaipeleka kwenye ofisi husika kabla Aprili haijaisha. Karani akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma, akatazama mlangoni kama kuna mwingine nje.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "umetumwa na nani? Yule anayetaka kiti 2027?"

"Nimetumwa na mke wangu."

Akafikiri kidogo, akafungua daftari la barua zinazoingia, akatafuta safu ya chama.

"Na yeye anagombea kupitia wapi?"