Miguu Ukutani, Mama Mkwe Mlangoni

Mgongo ulioshinda kwenye kiti cha ofisi, kisha ukasimama kwenye daladala ya Mbagala hadi magharibi, hauna dawa nyepesi kuliko Viparita Karani, mkao wa yoga wa miguu juu. Jina ni la Kisanskriti, limo hata katika kitabu cha Hatha Yoga Pradipika cha karne ya 15, ila wazee wa enzi hizo walijibinua bila kuegemea popote. Sisi tuliokakamaa tuna ukuta. Unalala chali, makalio karibu na ukuta, blanketi lililokunjwa chini ya nyonga, miguu unaipandisha juu, basi. Damu iliyotuama miguuni inateremka yenyewe, kiuno kinapumua. Dakika 5 hadi 15. Mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar wa Pune, aliyewazoesha wanafunzi wake mablanketi na mito, alituonea huruma kweli.

Cha kuvaa ndicho hakisemwi sana. Mimi jioni huwa na msuli. Na kile kinachoteremsha damu huteremsha na msuli, tena msuli hausubiri dakika 15. Bukta nilikuwa nayo, alhamdulillahi.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia, katoka Tanga na basi la asubuhi. Hodi yake huja pamoja naye, haitangulii.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa sakafuni, nyayo zikielekea dari.

"Marahaba, baba." Macho kayapeleka kwenye kabati la vyombo, akamwita bintiye kwa sauti ya msibani: "Njoo! Mumeo kaanguka!"

Nikaeleza kwamba napumzika.

"Kitanda kimefanya nini?"

Swali la haki kabisa. Nikaanza habari za damu na mishipa, lakini mkwe mwenye bukta hewani hasikilizwi hata akiwa daktari bingwa.

Kutoka kwenye mkao huu kuna utaratibu: unakunja magoti, unageukia ubavu, unatulia kidogo, ndipo unaketi. Nani atulie ubavuni mbele ya mama mkwe? Nikajibingirisha moja kwa moja hadi nyuma ya kochi. Msuli ukabaki ukutani peke yake. Mwanangu wa mwisho akaja kulala pale pale, miguu juu, akamuuliza bibi yake kama naye kaanguka.

Kabla ya isha shemeji akapiga simu kutoka Korogwe. Kasikia nimevunjika, anataka kujua ni mguu upi.

Nikamwambia yote miwili, lakini inaendelea vizuri.