Bembea la Bugarama

Huko Abu Dhabi kuna kigari cha reli cha burudani kiitwacho Formula Rossa, kinachokimbia kilomita 240 kwa saa. Mashabiki wa vigari hivyo hukesha wakikodolea macho picha za nguzo na mashimo ya ujenzi, eti wabashiri kipya kitakachofuata. Masikini! Sisi wa Bujumbura tunatazama mawingu tu.

Barabara ya Bugarama inapanda kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi mita zaidi ya 2,000, na usanifu wake hauna mpinzani: mvua moja kubwa, mlima unasogea, kesho mna kona mpya bila mhandisi kusumbuliwa. Kupanda, mkono mmoja kwenye usukani wa baiskeli, wa pili umenata kwenye tela la lori. Kushuka, mikungu ya ndizi inakusukuma yenyewe, breki ni soli ya kandambili kwenye tairi. Mikanda tumewaachia waoga.

Jana barazani, mtaani Buyenzi, mzee mmoja aliapa kuwa msimu huu kipya kitakuwa pale darajani. “Aa, pale ni pa mwaka jana,” akabishiwa. Tukaagiza kahawa nyingine. Kule milimani Mirwa kulishaanza kunguruma.