Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati za Usaili, Bonde la Kilombero



Usaili, yaani mahojiano ambayo mwajiri hupimia uwezo wa mwombaji kazi, umepanuliwa na baadhi ya kamati za Ifakara na maeneo jirani kwa kiwango kinachostahili pongezi, kwani binti anayeomba ukarani wa mizani kwenye mashine ya kukoboa mpunga huulizwa kama ameolewa, kama ana mchumba, anatarajia kuzaa lini na anasali wapi, ilhali uwezo wake wa kusoma mizani huachwa ujulikane akishaajiriwa. Posa yenyewe haina uchunguzi wa namna hiyo, na mshenga angalau huja na barua na kishika uchumba, wakati kamati huja mikono mitupu.

Swali la "kwenu wapi?" lina uzito wa pekee katika bonde ambalo Wandamba na Wapogoro wamelikalia tangu zamani, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 imelikatiza kupitia Ifakara na Mlimba, na wafugaji wa Kisukuma wamelifuata kwa ajili ya malisho, hata jibu lolote linaweza kumkunjisha uso mjumbe mmojawapo. Bado haijaelezwa (na maelezo hayo yangeinufaisha sana elimu ya kilimo) gunia la mpunga hupungua kilo ngapi likipimwa na mtu wa Mwanza.

Ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambayo katika kifungu cha 7 inakataza ubaguzi, yaani kumtenga mtu kwa misingi kama kabila, mahali alikotoka, dini, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na kwa bahati mbaya ya kamati, kifungu hicho humhesabu mwombaji kazi kuwa mwajiriwa. Hofu ya siku 84 za likizo ya uzazi zilizomo katika sheria hiyo hiyo inaeleweka, maana wajumbe, kwa dalili zote, hawakuzaliwa na mtu.

Inaombwa, basi, maswali hayo yote yaandikwe kikamilifu katika muhtasari wa usaili na kila mjumbe atie saini, kwa sababu mwombaji akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukuwepo humwangukia mwajiri, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako malalamiko ya aina hiyo huanzia, itashukuru kuletewa ushahidi ukiwa tayari umepigwa mhuri.