Sifa za Kisanduku cha Hodi Tatu

Katika ghala moja la korosho, kando ya njia itokayo Mtwara kwenda kivuko cha Kilambo, juu ya rafu ambayo mchwa walikuwa wamekwisha kuila nusu, palikaa kisanduku cha bati chenye ukubwa wa tofali na matundu manne ya siriali, ambacho kazi yake ilikuwa kuyapokea maneno ya mizani na kuyakabidhi kwa modemu, ili karani aliye Dar es Salaam apige simu na kujua ni kilo ngapi zimeingia ghalani bila kulitia gari njiani. Na njia yenyewe ya Dar es Salaam, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, ilikuwa njia ya kungojea kivuko cha Ndundu na kuomba mvua isinyeshe. Watu wote waliokihudumia kisanduku kile walikilaani. Mimi niliyekilaani kuliko wote leo nimeazimia kukisifu.

Insafu yadai nianze na aibu zake. Matundu yale mafundi huyaita porti, yaani bandari, na katika manne lililopata kazi lilikuwa moja tu. Nami kila nilipoyatazama yale matatu yakingojea shehena niliikumbuka bandari yetu yenye kina, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa 1947, mpango ambao ulikufa 1951 gati halijakamilika, na reli yake ya Nachingwea ikaachwa 1962. Mji uliozoea kungoja namna hiyo haukuwa na haki ya kukicheka kisanduku.

Aibu ya pili ni ukali wake katika mambo madogo. Mizani ilisema kwa biti saba na ya nane ikiwa shahidi, ile iongezwayo ili idadi ya moja katika kila herufi iwe shufwa daima. Mimi, kwa haraka ya mtu mwenye njaa, nikakiamuru kisanduku kisikilize kwa biti nane bila shahidi, nikaenda zangu kula. Niliporudi nilikuta maajabu. Tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9, ambazo katika lugha ya mashine zina moja za shufwa, zilikuwa zimefika salama. Lakini 1, 2, 4, 7 na 8, zenye witiri, zilifika zimevaa vilemba: moja imekuwa alama ya kujumlisha iliyokalia ya kutoa, na mbili imesinyaa ikapaa juu ya mstari. Gari lenye kilo 9,650 lilisomeka barabara, na lililolifuata, lenye kilo 7,412, likasomeka kama hirizi.

“Fundi,” aliniuliza mtunza ghala, “hizi nazo zimepimwa kwa kilo za nchi gani?”

“Niwie radhi, mzee, kosa ni langu.”

Shufwa na witiri nilifundishwa chuoni nikiwa mtoto, nikadhani ni mambo ya sala na hesabu za ubao. Sikujua kwamba siku moja yangenirudia ghalani, mbele ya watu, na tumbo langu limejaa wali.

Sasa niingie katika sifa. Amri za modemu, ambazo zilienea duniani kutokana na modemu ya Dennis Hayes wa Marekani ya mwaka 1981, huanza kwa herufi AT, nazo ni amri kavu za kiaskari. Lakini mna moja yenye murua wa pwani nzima. Ukiandika ATS0=0, modemu haiitiki yenyewe kamwe, kama bahili aliyezima taa; ukiandika ATS0=1, huitika mlio wa kwanza, kwa pupa ya mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango; ukiandika ATS0=3, hungoja milio mitatu. Wazee wetu walitufunza kwamba hodi ni tatu, na asiyekaribishwa baada ya ya tatu hurudi kwao bila kinyongo. Niliandika 3, kisha nikaandika AT&W ili neno lile lihifadhiwe hata umeme ukikatika; na haukukawia kukatika.

Mlango ukishafunguliwa shughuli haianzi, maana modemu mbili hazina ujuvi huo. Kwanza huamkiana, na ukelele ule uliowafanya kuku wa mtunza ghala watawanyike ni maamkizi marefu: wewe waenda mbio kiasi gani, na waya wa leo una hali gani? Kanuni yao ya V.34 iliruhusu biti 33,600 kwa sekunde, lakini masika yakishaingia katika viungo vya waya huridhiana kwa 9,600, mwepesi akifuata hatua za mzito, kama mjukuu anayemsindikiza bibi yake sokoni.

Kisha huja siri ya kuingilia. Ipo njia ya kijinga, ambapo mgeni hutamka neno lake la siri waziwazi wayani. Na ipo njia iitwayo CHAP, ambayo ni kitendawili kitupu. Kisanduku hutega kwa kutuma namba ya kubahatisha, mgeni huichanganya na siri yake kwa hesabu isiyorudi nyuma, hurudisha jibu tu, na siri yenyewe haipiti njiani hata kidogo. Asiyetegua haombwi mji, hukatiwa simu.

Tena kisanduku kilijua kubipiwa kabla vijana wetu hawajalifanya jambo hilo kuwa tabia. Ukikiwekea kanuni ya kurudisha simu, karani hupiga, hujitambulisha, kisha kisanduku hukata na kumpigia kwa namba iliyoandikwa tangu mwanzo, hivyo mwongo aliyeiba siri hubaki na kinywa wazi na gharama huwa ya mwenye ghala. Mwenye ghala hakuipenda sifa hii.

Na katika plagi ya pini tisa, pini ya 7 huomba ruhusa ya kupeleka na ya 8 huitoa. Aliyewahi kukaa Kilambo, akiutazama mto Ruvuma ukipwa mpaka mchanga ukatoka mgongo na pantoni ikagoma kuondoka, hahitaji kuelezwa pini ya 8. Anajua kwamba abiria na nauli na haraka yake yote hungoja neno la maji.

Siku hizi mizani yenyewe hupeleka habari zake kwa mtandao wa simu za mkononi, mchana na usiku, na yeyote mwenye ufunguo huingia bila mlio hata mmoja kusikika ghalani; jambo jepesi, nalikubali, ila halinipi raha. Waya wa simu umekwisha kukatwa. Kisanduku na modemu yake viko bado rafuni, nami juzi niliviwasha nikauliza: S0 ingali 3.