Waraka kwa Mafundi wa Mashine Zinazopima Mkazo na Kiimbo

Waungwana,

Nafundisha Kiingereza hapa Tanga, na najua kazi yenu si nyepesi. Ndiyo maana nawaandikia wenyewe badala ya kuwasema pembeni.

Mwanafunzi wangu, muuguzi anayetafuta kazi ng'ambo, alizungumza na programu ya mtihani, ikamrudishia neno moja juu ya mkazo na kiimbo: hafifu. Silabi gani ilimwangusha? Haikusema. Nilimsikiliza mwenyewe. Neno "medicine" alilikaza katika silabi ya pili badala ya ya kwanza, kwa kuwa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Hilo ni kosa kweli, na angelielewa mara moja, maana tangu utotoni anajua kuwa barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" hutenganishwa na mkazo tu. Mengine yote yalikuwa lafudhi ya kwao, wala hakuna mgonjwa ambaye asingemwelewa.

Mkazo, kama mjuavyo, haukai mahali pamoja. Umo katika kidatu, urefu wa silabi, nguvu ya sauti na irabu yenyewe. Mwanafonetiki Dennis Fry wa London alionyesha mwaka 1955 kwamba urefu humwongoza msikilizaji kuliko nguvu. Sasa mpimeni Mswahili: irabu zake zote ni kamili, hazimezi kama Mwingereza anavyozimeza. Mashine iliyozoea irabu zilizomezwa itaona mkazo kila mahali, impunguzie alama bila kujua inaadhibu nini.

Tena imezoea sauti za nani? Moja ya hazina zilizotumika sana katika utafiti wa fani yenu ni ya watangazaji 7 wa redio, iliyokusanywa na Chuo Kikuu cha Boston. Msoma taarifa haongei kama muuguzi anayemuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Hata wataalamu waliofunzwa alama za kuandikia kiimbo ziitwazo ToBI, zilizotolewa 1992, hutofautiana wanapoandika kiimbo cha sentensi ileile. Ikiwa wataalamu hao, ambao ndio walimu wa mashine, hawakubaliani, mashine imepata wapi ujasiri wa kumhukumu mtu kwa neno moja?

Nawaomba mtenganishe mkazo unaopotosha neno na kiimbo ambacho ni desturi ya mji fulani. Huo usahihisheni; hicho kiacheni.

Mwanafunzi wangu amelipa ada mara ya pili. Safari hii mwonyesheni silabi.

Wenu,
Mwalimu wa Kiingereza, Tanga