Programu kwa Kalamu ya Bluu

Mimi ni karani wa hesabu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, umri umeshasogea, na jioni nasoma stashahada ya teknolojia ya habari katika chuo kimoja cha hapa Dar es Salaam. Jina la chuo silitaji kwa sababu matokeo yangu bado wanayo wao. Bosi ndiye aliyeniponza. Alifunga mfumo wa kompyuta dukani, akatangaza kwamba atakayeuelewa kwa undani atapandishwa cheo, nami nikajiandikisha. Somo linaloninyima usingizi linaitwa Utangulizi wa Programu. Ukilisikia jina hilo utadhani watu wanakaa mbele ya kompyuta. Wanakaa mbele ya ubao.

Kompyuta zipo, nisiwasingizie. Zimo maabara, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, mlangoni pana tangazo la kuvua viatu, na ufunguo anao bwana mmoja ambaye kila tukimhitaji yuko msibani. Kwa kasi hiyo ukoo wake utakwisha kabla ya muhula. Siku akipatikana tunaingia wanne kwa kila kibodi. Vijana wa siku hizi wana adabu sana: wananipa shikamoo, na nikimaliza kusema marahaba wao wameshakikalia kiti. Programu nyingi nilizoziona zikikimbia nimezionea juu ya bega la mtu.

Kwetu nyumbani, lakini, mimi tayari ni mtaalamu. Shemeji ananiletea simu iliyosahauliwa namba ya siri. Jirani anataka nimrekebishie king'amuzi. Mama mkwe alinipigia kutoka Korogwe kuuliza kwa nini vocha yake haiingii, na nilipomweleza kwamba sisi tunasoma namna ya kuandika programu, akasema, "Haya baba, basi niandikie hiyo vocha."

Tuje kwenye somo lenyewe. Karibu kila mahali duniani mwanafunzi huanza kwa kuiamuru kompyuta itoe salamu kwa dunia. Desturi hiyo ilienezwa na kitabu cha lugha ya C cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kilichotoka mwaka 1978, na walimu wameishikilia kama wosia. Sisi tuliolelewa kwa salamu tunaiona kasoro palepale. Unaisalimu dunia, nayo haiitikii. Haiulizi za nyumbani, haitaki kujua watoto hawajambo. Salamu inatokea kwenye skrini, kisha mashine inakaa kimya kungoja amri nyingine. Mtu angefanya hivyo kijijini angeitiwa kikao.

Halafu kuna kuhesabu. Nimehesabu fedha za watu maisha yangu yote nikianzia na moja. Kompyuta inaanza na sifuri: wa kwanza kwenye orodha ni wa sifuri, wa pili ndiye wa kwanza. Binti anayetangulia kwenye karatasi ya mahudhurio sasa darasa zima linamwita Sifuri, na hajapendezwa. Ukiiambia Python, lugha ya programu tunayofundishwa, itembee kuanzia 1 hadi 10, inafika 9 na kuondoka kama fundi aliyelipwa kabla ya kazi. Wenyewe wanasema ndiyo utaratibu. Dukani kwetu mfuko mmoja wa saruji ukipungua kwa utaratibu wa namna hiyo, mlinzi anahojiwa.

Hayo yote ningeyameza. Kinachonikaba ni kitini.

Python ilianzishwa na Mholanzi Guido van Rossum, ikatolewa kwa umma mwaka 1991. Toleo la 2 lilikuja mwaka 2000, la 3 likatoka mwishoni mwa 2008, na tarehe 1 Januari 2020 wenye lugha yao wakaacha rasmi kulihudumia lile la 2. Walitoa taarifa miaka kabla, dunia ijiandae. Chuoni kwetu taarifa haijafika. Kitini kinachouzwa kwenye stationari ya getini, kopi ya kopi ya kopi, ukurasa wa saba ukiwa umepigwa juu chini, bado kinaishi kwenye toleo la 2 kwa raha zake. Kompyuta za maabara zina toleo la 3. Simu za vijana zina toleo la 3. Kwa hiyo amri ya kuandika kitu kwenye skrini, ambayo kitini kinaiandika bila mabano, ukiipeleka kwenye mashine inakataliwa, na mashine inakueleza waziwazi kwamba mabano hayapo. Unarudi kwenye kitini, mabano hayapo. Unamwendea mhadhiri. Mhadhiri anasema, "Fuata kitini."

Ukigawa tano kwa mbili, kitini kinasema jibu ni 2. Toleo la zamani lilikuwa hivyo kweli: namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, desimali ilitupwa. Toleo la 3 linakupa 2.5, jibu ambalo hata muuza nyanya analijua. Ukimwomba mtumiaji aingize 5, kisha 5 nyingine, ukazijumlisha, kitini kinasema utapata 10. Mashine ya leo inakupa 55, kwa kuwa inayachukulia anayoyaandika mtu kuwa maandishi mpaka uiamuru iyageuze kuwa namba. Katika kazi yangu nimewaona watu ambao tano na tano zao huwa hamsini na tano. Wawili walisimamishwa kazi, mmoja akagombea udiwani.

Nimeuliza darasani, kwa heshima zote, tujibu lipi kwenye mtihani. Nikaambiwa mwongozo wa kusahihisha unasema 2. Basi mtihanini ni mbili, maishani ni mbili na nusu.

Wajanja wakaipata faili ya kitini, wakaigawa kwenye kundi la WhatsApp. Tukashangilia: sasa tutanakili programu moja kwa moja bila kuandika upya. Kumbe aliyekichapa alitumia programu ya kuandikia barua, nayo ikazipindisha alama zote za mtajo zikawa na mikia ya kupendeza. Python haitaki mikia. Inataka alama zilizonyooka, na kwa macho yangu, hata nikivaa miwani, zile na hizi ni ndugu wa tumbo moja. Kijana mmoja alikesha kuitafuta kasoro kwenye programu ya mistari sita, na asubuhi alikuwa anazungumza na daladala.

Sasa mtihani. Kazi za darasani zina alama 40, mtihani wa mwisho 60, na huo wa mwisho unafanyika ukumbini, kwenye kijitabu cha majibu, kwa kalamu ya bluu au nyeusi. "Andika programu itakayosoma alama za wanafunzi na kutoa wastani." Unaandika kwa mkono. Hakuna mashine ya kukwambia umesahau nukta pacha. Yupo msimamizi anayezunguka akisema tusigeuze shingo.

Python ni lugha inayopima nafasi. Mistari iliyo chini ya sharti lazima isogezwe ndani kwa kiasi kilekile, kawaida nafasi nne, na ukiyumba inagoma. Mimi mwandiko wangu unahama. Nikianza juu kushoto, nikifika chini niko karibu na ukingo wa kulia; ndivyo nilivyo tangu darasa la pili na fimbo hazikusaidia. Kwa sheria za Python, kila mstari wangu umo ndani ya ule wa juu yake bila ruhusa. Msahihishaji naye hapimi kwa rula, anapima kwa macho yake saa sita za usiku akiwa na rundo la vijitabu. Kwenye jaribio la katikati ya muhula nilikatwa alama kwa nukta pacha ambayo ilikuwepo. Wino ulikuwa hafifu. Nimeionyesha kwa mwanga wa simu, nikaambiwa rufaa inalipiwa.

Najua watanijibu kwamba hata Wazungu waliandika programu kwenye karatasi. Ni kweli. Miaka ya 1960 mwanafunzi wa Marekani au Uingereza aliandika kwa penseli, kwa sababu kompyuta ya chuo ilikuwa moja na ilijaza chumba. Lakini karatasi yake ilikuwa na safari. Ilihamishiwa kwenye kadi za kutobolewa zenye safu 80, kadi zikalishwa mashine, na baadaye akaletewa jibu, hata kama jibu lenyewe lilikuwa kwamba koma imekosekana. Karatasi yetu haifiki kwenye mashine yoyote. Inatoka kwangu inakwenda kwa mhadhiri, inatoka kwa mhadhiri inakwenda kabatini. Mtu anaweza kuhitimu somo hili akiwa na daraja A na asiwahi kuandika programu iliyokimbia. Tunao, na mmoja wao ndiye anayetufundisha mazoezi ya Alhamisi.

Nilimuuliza mhadhiri, kwa nini tusipewe mtihani maabara? Akasema kompyuta hazitoshi, na umeme unaweza kukatika. Yote mawili ni kweli. Ila hazitoshi kwa watu wote kwa mkupuo mmoja. Kwa zamu zinatosha. Hospitali wanafanya zamu, viwanda wanafanya zamu, hata msikiti wa mtaani kwetu Ijumaa ukijaa watu wanajua pa kupanga majamvi.

Ombi langu kwa wakuu wa chuo ni hili: nusu ya zile alama 60 ziwe za kibodi, zamu yoyote ile. Zamu ya usiku niandikeni mimi. Na kama haiwezekani, basi mtupunguzie ada kwenye kipengele kilichoandikwa "matumizi ya kompyuta". Kalamu tumenunua wenyewe.